Spéciose Alionja Kwanza

Kama unasoma haya umekaa kando ya kitanda cha mtu ambaye mdomo umemwenda upande na maneno yamemkimbia, nakuomba kitu kimoja: usimuulize maswali ya ndiyo na hapana. Sababu utaiona mbele. Mimi yalinitokea, na aliyelipia si mimi peke yangu.

Naitwa Consolata. Ni fundi cherehani, nimesoma hadi la sita tu, tena kule Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, ambako wazazi wetu walikimbilia na sisi tukazaliwa. Ninaandika kwenye simu kwa kidole gumba cha kushoto. Ninaandika Kiswahili kwa sababu ndicho kilichorudi kwanza. Kinyarwanda ninachozungumza nyumbani kila siku kilichelewa sana, na Kifaransa kidogo nilichokuwa nacho mpaka leo hakijaonekana. Hata mimi nashangaa. Nilidhani maneno yote yamo kwenye gunia moja, kumbe kila lugha ina kona yake.

Nilianguka mwisho wa kiangazi, wakati ule sisi mafundi hatuinui kichwa kwa sababu shule zinakaribia kufunguliwa na kila mzazi anataka sare ya mtoto wake jana. Karakana yetu iko hapa Rwanda, karibu na njia panda ya Sonatubes, chumba kirefu, cherehani zimepangwa ukutani na kila fundi anawapa wenzake mgongo. Shikilia hilo la migongo. Nilikuwa na miaka arobaini na mmoja. Kichwa kilikuwa kinaniuma tangu wiki iliyopita, nikasema ni vumbi la kitambaa.

Cherehani ya kando yangu ilikuwa ya Spéciose. Tulikaa bega kwa bega miaka mingi. Alishona, na asubuhi alikuja na jerikani ya ubushera, kile kinywaji kizito cha mtama, akawauzia mafundi wote. Sasa kwetu, Rwanda na Burundi, mtu hakupi kinywaji hivi hivi. Anaonja kwanza mbele yako, anameza, ndipo anakukabidhi kikombe. Maana yake: ona, hakuna kitu ndani. Watu wanaogopa sumu kuliko wanavyoogopa ajali. Wanasema mtu anaificha chini ya ukucha, anagusa kinywaji kidogo tu wakati wa kukupa, basi umekwisha. Kwa hiyo kunywa kutoka jerikani moja si kitu. Kinachomsafisha mtu ni kuonja kikombe kile kile.

Siku ile mchana Spéciose alimimina kwenye kikombe chake cha bati cha buluu. Akaonja. Akapangusa ukingo kwa kidole gumba, akanipa. "Kunywa, Conso, macho yako yamekuwa mekundu kama ya mganga."

Nikacheka, nikanywa, nikarudisha mkono wa kulia kwenye kitambaa, na mkono haukushika. Ulikuwa pale mezani, niliuona, na ulikuwa wa mtu mwingine. Kitu nilichokifikiria, niwaambie ukweli, hakikuwa kifo. Nilifikiria: huyu aliyeweka mkono wake juu ya kazi yangu ni nani? Mguu wa kushoto uliendelea kukanyaga pedali na sindano ikaenda kombo kwenye kola ya mtoto wa watu. Kisha ubushera ukaanza kunitoka pembeni mwa mdomo, na kikombe nilichoshika kushoto kikaanguka.

Waliposikia kikombe kinaanguka, wote waligeuka. Na walichokiona ndicho hiki: Consolata amekunywa cha Spéciose, mdomo wake umepinda. Spéciose akionja, hakuna aliyemwona.

Spéciose alipiga kelele waite taksi twende hospitali. Lakini Vestine, fundi wa mlangoni, alikuwa ameshampigia simu dada yangu mkubwa, Euphrasie. Sasa naanza kutaja majina, na sitaomba msamaha.

Euphrasie alifika, akauliza nimekula nini. Akaambiwa. Akamtazama Spéciose kuanzia miguu.

"Ulimpa nini mdogo wangu?"

"Ubushera, kama siku zote. Nimeonja mwenyewe."

"Nani alikuona?"

Watu wakatazama cherehani zao.

Hatukwenda hospitali. Tulikwenda ng'ambo ya mto Nyabarongo kwa mtu anaitwa Kabayiza, anayewatapisha watu sumu. Wengi wanamjua mtu wa namna hiyo, na wanaosema hawamjui wanadanganya. Alinilaza kwenye mkeka, akaniinamisha kichwa, akanimiminia maji ya majani machungu. Sikuweza kumeza. Maji yalikwenda njia ya pumzi, nikawa nazama nikiwa nchi kavu. Nilipokohoa yakatoka na mate ya njano, Kabayiza akamwonyesha dada yangu.

"Unaona? Inaanza kutoka. Tuiache ifanye kazi."

Dada yangu akapiga ishara ya msalaba. Ni Mkatoliki wa misa ya kila asubuhi, na hakuona ubaya wowote. Ninalitazama jambo hilo mpaka leo kama mtu anayetazama nguo iliyoshonwa nje ndani.

Mume wangu, Tharcisse, ni dereva wa bwana mmoja kule Nyarutarama. Simu yake huwa imezimwa akiwa kazini. Alipoiwasha jioni alikuja akanibeba mgongoni mpaka barabarani, ndipo nikafika hospitali. Daktari, mwanamke mwenye sauti ndogo, aliuliza swali moja.

"Ilianza saa ngapi?"

Wakamwambia mchana. Akatazama saa ya ukutani, akaandika. Baadaye nilikuja kujua kuna dawa ambayo pengine wangenipa kama ningefika mapema. Pengine. Neno hilo nalala nalo.

Wodini niligundua kwamba ninasikia kila kitu. Watu wanadhani ukikosa maneno umekosa na masikio. Walizungumza juu yangu kama juu ya kabati: tuiweke wapi, nani ataigeuza. Ndani yangu maneno yalikuwepo, nayaona, lakini nikinyoosha mkono kulichukua moja linakuja jingine. Nikitaka maji, nilisema "Jumapili". Nilijisikia nikisema Jumapili. Nikajiuliza, kwa nini Jumapili? Nani anachagua humu ndani?

Siku moja Euphrasie akakaa kitandani, akaleta uso wake karibu.

"Conso. Ni Spéciose aliyekufanyia hivi?"

Nilikusanya nguvu zangu zote niseme hapana. Nililiona lile neno, jeupe kabisa. Nikafungua mdomo.

"Ndiyo," nikasema.

Nikatikisa kichwa kukataa, kumbe kichwa nacho kinakubali. Dada yangu akafumba macho. "Ndiyo," nikasema tena, nikimaanisha hapana, hapana, acha. "Ndiyo. Ndiyo." Machozi yakanitoka, naye akayachukua machozi kuwa ushahidi.

Tharcisse alikuwa amesimama dirishani. Alimjua Spéciose, alikula kwake mara ngapi. Alisikia, akatazama nje. Huyo ni wa tatu kwenye majina yangu, na kosa lake ni kunyamaza. Ananiosha, ananivalisha, amejifunza kunisuka nywele kwa vidole vyake vya usukani, na nampenda. Jina lake linabaki hapa hapa.

Niliporudi nyumbani mvua za vuli zilikuwa zimeanza. Mtaa mzima ulishajua kwamba mgonjwa mwenyewe amesema. Hakuna aliyenunua tena ubushera wa Spéciose. Karakana walimwambia ahamishe cherehani yake, akaipeleka barazani kwake, wateja hawakumfuata. Bintiye alikuwa amechumbiwa, upande wa mwanamume wakakaa kimya. Watoto walipita mlangoni kwake wakikimbia. "Mlozi," walisema, na yeye akisikia. Hayo yote nililetewa kitandani kama habari njema.

Nao hawakujua kilichonitesha zaidi. Manesi walikuwa wameonya nisipewe maji wala chai, kwa sababu vitu vyepesi vinaniponyoka kooni. Nipewe kitu kizito, kinachoteremka polepole. Kitu kizito, kibaridi, cha mtama. Nililia kwa hamu ya ubushera, nao wakaniletea uji wa unga wa mahindi.

Mara mbili kwa wiki tulikwenda kwenye mazoezi, kine tunaita. Pale kwenye benchi la kungojea nilijifunza zaidi kuliko ndani. Nilidhani huu ni ugonjwa wa wazee, lakini nilikuta mwalimu, nikakuta na dereva wa pikipiki, mkewe mjamzito amekaa kando yake. Anaitwa Eric. Kwake umelala upande wa kushoto. Wangu wa kulia.

"Mama," akaniambia kwa ulimi mzito, "tukikatwa katikati tukashonwa, tunapata mtu mmoja mzima. Wewe si ni fundi? Pima."

"Na huyo mwingine anayebaki?" mkewe akauliza.

"Huyo tunaiachia serikali."

Nilicheka mpaka nikadondosha mate, na hakuna aliyegeuza uso, kwa sababu pale kila mmoja ana kitambaa chake cha mate. Ukipata benchi kama hilo, usikose siku yako hata kama mazoezi yenyewe hayaonekani kusaidia.

Aliyenifanyia mazoezi ni Neema, msichana aliyekulia Tanzania. Alinisemesha Kinyarwanda kama wengine wote, na mimi sikuwa na kitu. Siku moja aliuvuta mkono wangu wa kulia juu, maumivu yakaingia begani kama pasi ya moto.

"Mshenzi wewe," nikasema. Wazi kabisa. Kwa Kiswahili.

Neema akauacha mkono polepole.

"Kumbe mama yupo," akasema. "Na ni Mswahili. Nitukane tena, mama yangu."

Sikuweza tena. Tusi lilijitokea lenyewe, kama chafya. Lakini kuanzia hapo alinisemesha Kiswahili, na vitu vikaanza kusogea. Tukagundua maajabu. Siwezi kusema "mkate", lakini naweza kuimba wimbo mzima wa komunyo bila kukwama, na mkate umo ndani yake. Siwezi kusema ni siku gani, lakini nikianza Jumatatu nafika mwenyewe. Neema hakunieleza sana kwa nini. Alisema tu, "Tutafute mlango ulio wazi, tupitie hapo."

Aliniuliza kazi yangu. Nikamwonyesha kwa mguu wa kushoto: kanyaga, achia, kanyaga, achia. Akaniwekea mguu juu ya ubao, akasema nikanyage kama nashona, na kila nikikanyaga nitoe kipande kimoja cha neno. Ma. Ji. Nikasema maji. Ndivyo hivyo, wala si kitu cha ajabu ukikiandika. Lakini mimi nilikuwa nimeomba maji tangu kiangazi.

Mguu wa kulia ulirudi kabla ya mkono. Hilo nalo linanipa maswali. Wakati wa kiangazi kile kifupi baada ya Noeli nilikuwa natembea nyumbani nikishika ukuta, nikiburuta kiatu. Mkono uko kwapani mpaka leo, vidole vimekunjwa kama vya mtoto mchanga. Usiku ukiwa na baridi unakaza. Sishoni. Nimeanza kukata vitambaa kwa mkasi wa mkono wa kushoto ambao Tharcisse alinitafutia, na mistari inakwenda kama ng'ombe.

Ile "hapana" niliipata mwezi wa pili. Nilifurahi kama niliyezaa. Nikamsubiri Euphrasie, alipofika nikamkalisha. Nikakanyaga.

"Spé-ci-o-se. Ha-pa-na."

"Hapana nini?"

"Ha-pa-na su-mu."

Alinishika shavu. Alinionea huruma kweli, hilo siwezi kulikana. "Pumzika, Conso. Kichwa chako bado. Kule hospitali ulisema mwenyewe, na ulilia."

Basi ile ndiyo yangu ya kichwa kibovu waliiamini siku hiyo hiyo, na hapana yangu ya kichwa kinachopona ikaambiwa ipumzike. Nilimtazama Tharcisse. Akaenda kupasha moto maji.

Neema ndiye aliyeniambia, "Mama, hapana haitoshi. Hapana kila mtu anaweza kusema. Ni nini ulichokiona wewe peke yako?"

Nikakaa na swali hilo masika yalipoanza, naangalia mvua inavyopiga bati. Nilichokiona mimi peke yangu ni kuonja. Migongo yote ilikuwa imegeuka, mimi tu ndiye niliyekuwa nimemwelekea. Neno langu lilikuwa hilo. Nikalifanyia mazoezi jikoni, barabarani, kanisani wakati wa mahubiri, mguu chini ya benchi. A-li-o-nja kwa-nza.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi kuna umuganda. Mtaa wote unatoka kufanya kazi ya pamoja, na mkishamaliza mnakaa kwenye mkutano. Mimi nina ruhusa ya ugonjwa, lakini siku hiyo nilikwenda, Tharcisse akinishika kiwiko. Walikuwa wanazibua mtaro uliojaa udongo wa mvua. Nilimwona Spéciose. Watu walikuwa wamejipanga bega kwa bega na majembe, na yeye alikuwa mwishoni, na kati yake na anayefuata palikuwa na nafasi ya kupitisha gari. Amekonda. Hakunitazama.

Mkutanoni mkuu wa mtaa alizungumza juu ya taka, juu ya mbwa, juu ya mtaro. Kisha akauliza kama kuna mwenye neno. Nikainua mkono wa kushoto.

Euphrasie, aliyekuwa safu ya mbele na wanakwaya wenzake, aligeuka. "Mkuu, huyu ni mgonjwa. Hajui anachosema."

"Anajua kuinua mkono," akasema mkuu. "Mama, karibu."

Nikasimama. Watu zaidi ya mia wakanitazama, na maneno yote yakaondoka, kila moja, kama kuku ukifungua mlango. Nilibaki na Jumapili. Nilikuwa nayo mdomoni kabisa. Mtu mmoja akakohoa. Nikashusha macho, nikautazama mguu wangu wa kushoto kwenye udongo mwekundu, nikauambia ushone.

"A," nikasema. "A-li."

Wakasubiri. Niseme ukweli, walisubiri vizuri. Hata watoto.

"A-li-o-nja. Kwa-nza."

"Nani?" akauliza mkuu, polepole.

Nikanyoosha mkono kule mwisho. "Spé-ci-o-se. A-li-o-nja kwa-nza."

"Anaropoka tu huyo," akasema Euphrasie. "Amefundishwa."

Lakini mkuu hakuniuliza ndiyo au hapana. Sijui kama ni Mungu au ni bahati. Aliuliza, "Alionja wapi?"

"Ki-ko-mbe." Nikaendelea kukanyaga, na mlango ulikuwa wazi. "Cha bu-lu-u. Ka-o-nja. Ka-me-za. Ka-pa-ngu-sa." Nikaonyesha kwa kidole gumba, hivi, kwenye ukingo. "Ka-ni-pa."

Yeyote aliyewahi kunywa kwa Spéciose anakijua kile kidole gumba. Watu wakaanza kunong'ona. Ndipo Vestine, yule wa mlangoni aliyepiga simu, akasema akiwa amekaa, bila kumtazama mtu:

"Kweli, huwa anapangusa hivyo. Na mimi siku ile nilikunywa kutoka jerikani ile."

"Mbona hukusema?" mkuu akamuuliza.

"Ningesema nini? Ukucha haukai kwenye jerikani."

Vestine naye aingie kwenye majina yangu, mahali pa mwisho, kwa kuwa alisema, ingawa alingoja mgonjwa amtangulie.

Dada yangu hakusema kitu. Hajasema mpaka leo. Anakuja, analeta ndizi, ananiombea, na tukifika karibu na neno hilo anakumbuka kitu alichoacha jikoni. Kwa Kabayiza watu bado wanakwenda. Kama wewe unataka kumpeleka mtu wako huko kwanza halafu hospitali baadaye, nakuambia: mkono wangu uko kwapani. Njoo uutazame.

Mkutano ulipovunjika nilikaa kwenye jiwe kwa sababu mguu ulikuwa umekwisha. Tharcisse alisimama nyuma yangu. Nilimsikia akisema, si kwa sauti kubwa, "Na mimi nilikuwa najua." Sikugeuka.

Spéciose aliondoka bila neno. Nikadhani ndiyo basi, na nisingemlaumu. Kisha nikamwona anarudi kutoka kwake, jerikani mkononi, kikombe kimeningʼinia kidoleni. Watu waliokuwa wanapangusa majembe wakasimama kutazama. Akamimina mpaka juu. Akanitazama mimi, akawatazama wao, akaweka kikombe mdomoni na akaonja. Kuonja gani huko. Alikunywa bila kuvuta pumzi mpaka kikabaki kidogo chini. Akapangusa ukingo, akanipa.

Kilishuka polepole, kizito, kibaridi. Hakikuniponyoka.

"Umechelewa sana, Conso," akasema.

"Ndiyo," nikasema. Na mara hii nilikuwa namaanisha ndiyo.